Violet na Stesheni Isiyo na Reli

Saa moja na nusu asubuhi stendi ya Mbinga bado iko ndani ya ukungu, na Violet Ndunguru anamhamisha mama mmoja kutoka kwenye siti aliyojichagulia mwenyewe.

"Mama, njoo huku kulia."

"Nimeshakaa, mwanangu. Na mizigo yangu nimeshaipanga."

"Mizigo nitaihamisha mimi. Ukikaa kushoto utatazama udongo njia nzima. Umewahi kufika ziwani?"

"Sijawahi. Nakwenda kumwona mjukuu, kazaliwa Mbamba Bay."

"Basi kulia."

Mama anainuka akinung'unika, kapu la mahindi mabichi mkononi. Dereva, Rodrick Haule, anacheka akiwa ameshika usukani. "Usishindane naye, mama," anasema. "Huyu ni mtu wa treni."

Violet ana umri wa miaka arobaini na sita. Ni kondakta wa Kosta ya kijani inayotoka Mbinga kushuka Mbamba Bay kila asubuhi na kurudi kila alasiri. Anakata tiketi, anapanga mizigo, anagombana na wanaotaka kupakia jogoo ndani ya gari, kama makondakta wote wa stendi hii. Lakini ana kazi nyingine ambayo hakuna aliyempa: anawaandaa abiria wake kufika.

Gari linaondoka. Nje ya mji milima ya Umatengo imevaa mashimo ya ngolo, yanayochimbwa na wakulima kuzuia udongo usiteremke, yaliyopangwa kama sega la nyuki, na kati yake migomba na kahawa. Abiria wengi wanalala, vichwa vimeegemea vioo. Violet anawaacha walale. Anajua wapi pa kuwaamsha.

Baadaye barabara inaanza kuteremka, na harufu ya breki inapenya ndani. Hapo Violet anasimama mbele, mgongo wake ukiegemea kioo, mkono mmoja umeshika chuma cha juu.

"Abiria, tunakaribia Stesheni," anasema kwa sauti ambayo haina haraka. "Wenye usingizi tuamke. Wenye pazia tufungue pazia. Wa kushoto ruhusa kusimama, lakini mshikilie siti. Tutazame kulia."

Barabara inapita katikati ya kilima kilichochongwa. Kuta za udongo mwekundu zimesimama pande zote mbili, na kwa muda hakuna cha kuona ila udongo na mizizi inayoning'inia. Kisha gari linakata kona, ukuta wa kulia unakwisha ghafla, na pale unapokwisha pana uwazi. Ndani ya uwazi huo hakuna kitu chochote isipokuwa rangi ya buluu, kutoka chini mpaka juu.

"Yesu wangu," anasema yule mama. "Mbona mbingu imeshuka hivi?"

"Siyo mbingu, mama. Ni maji."

"Yote?"

"Yote. Mbingu inaanzia kule juu, kwenye ule mstari mweupe."

Mama anautafuta mstari. Anapouona anaweka kiganja kifuani.

Rodrick anasimamisha gari pembeni na kushuka kunusa magurudumu, kama madereva wote wafanyavyo hapa. Wanawake wanakuja na chupa za chai, ndizi na mihogo ya kuchemsha. Hakuna reli hapa wala haijawahi kuwepo. Treni ya karibu zaidi inapita Makambako, mwendo wa karibu siku nzima kwa basi. Hata hivyo kila mtu katika barabara hii, kuanzia madereva wa malori mpaka watoto wa shule, anaiita sehemu hii Stesheni.

Nusura mwaka huu uwazi ule uzibwe kwa matofali.

*

Violet alizaliwa kijiji cha Ruanda, upande wa kaskazini wa Mbinga, kwa wazazi waliolima kahawa na mahindi. Alipomaliza kidato cha nne alikwenda Makambako kumsaidia shangazi yake dukani. Duka lilikuwa jirani na reli, na wateja wengi walikuwa wafanyakazi wa treni. Mmoja wao alimwambia kuwa wanatafutwa wahudumu wa mabehewa kwenye treni ya TAZARA. Violet aliomba, akapata, akakaa kazini miaka kumi na mmoja.

"Watu wanafikiri kazi ya mhudumu ni kutandika vitanda," anasema. "Kutandika unamaliza mapema. Kazi kubwa ni kuamsha watu."

Treni haina subira na mtu aliyelala. Abiria akiamshwa stesheni ikiwa imeshafika, anashuka na kiatu kimoja, anaacha kanga, anaacha simu chini ya mto. Violet alijifunza kumwamsha mapema kidogo na kumpa kitu cha kutazama.

"Nilikuwa nafungua pazia nasema, 'Mzee, shikamoo, tazama nje.' Basi. Simwambii ashuke, simwambii afunge mizigo. Akishatazama nje akili inarudi yenyewe. Mtu aliyetazama nje hasahau mzigo."

Kwa hiyo ilimbidi ajue, kwa kila stesheni, nini kinaonekana na kwa upande upi. Bado anazikumbuka zote, na anazisimulia huku mkono wake ukionyesha kana kwamba dirisha liko mbele yake.

Makambako, anasema, inaanza na baridi. Unaisikia miguuni kabla hujaona kitu, halafu misonobari, halafu moshi wa majiko ya watu umelala chini juu ya mabati. Mlimba treni inaingia asubuhi, bonde lote limejaa ukungu, na vilele vya miti vimetokeza juu yake kama watu wanaooga ziwani. Kabla ya stesheni moja kule milimani kuna kona ndefu sana. Aliyeko behewa la mwisho anaiona injini yake mwenyewe, ng'ambo ya bonde, ikiingia stesheni.

"Unajiona unafika wakati bado hujafika," anasema na kucheka. "Hiyo huipati kwenye kitu kingine chochote."

Lakini alichokipenda zaidi si milima.

"Basi linaingia mjini kwa mbele, pale watu walipojipamba. Utaona maduka, mabango, bendera. Treni inaingia kwa uani. Unaona nguo zimeanikwa, mtoto anaogeshwa kwenye beseni analia, baba mtu mzima anakula kiporo amesimama. Mji haujui kama unatazamwa. Mimi miji yote niliyoipenda niliipenda kwa uani."

Aliacha kazi hiyo mama yake, Gertruda, alipopata kiharusi. Kaka zake walikuwa mbali, na Violet hakutaka kumwachia jirani amnyweshe mama yake uji. Alirudi. Leo Mama Gertruda anatembea kwa mkongojo na, kwa maelezo ya binti yake, "ana amri kuliko alivyokuwa mzima."

Kazi ya ukondakta aliipata baada ya mama kupata nafuu. Wanaume wa stendi walicheka. "Walisema mvua za kwanza zitanirudisha jikoni," anakumbuka. "Mvua zimenyesha, wao ndio walioloa."

*

Mahali pale kwenye kona palikuwa hapana jina. Madereva walipaita pa kupozea breki. Wanaume walishuka kujisaidia upande wa kilima, wengine waliendelea kulala na pazia zimefungwa, na ziwa lilibaki nje peke yake.

"Iliniuma," anasema Violet. "Nilihisi kama nimewabeba watu usingizini nikawapitisha stesheni yao."

Siku ya kwanza aliposimama mbele na kutangaza, gari zima liligeuka kumtazama. Kisha kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Dada, hii treni yako ina mabehewa mangapi?" Watu wakacheka mpaka Kosta ikatikisika. Lakini walikuwa wamekwisha kufungua pazia, na kicheko kilikatikia njiani.

Kuanzia hapo jina likaenea, kwanza kwa kejeli. "Konda, nishushe Stesheni." "Tiketi ya daraja la pili mpaka Stesheni." Baadaye likawa jina tu. Makondakta wa magari mengine nao wakaanza kuwaamsha watu wao, kila mmoja kwa mtindo wake. Lidia Kinunda, ambaye nyumba yake iko chini kidogo ya barabara, akaleta chupa ya chai. Wiki iliyofuata walikuwa wanawake watatu. Wakapanga mawe ukingoni ili watu wasimame bila kuteleza, na mawe yale yakaitwa jukwaa.

Mwezi wa tano mwaka huu, juu ya jukwaa hilo, yalionekana matofali ya kuchoma.

Siku ya kwanza yalikuwa machache. Siku ya pili yalifika magotini. Violet alishuka akamuuliza Lidia, na Lidia akatazama pembeni.

"Ni baba yao," alisema. "Anajenga nyumba ya wageni. Na duka mbele."

Kiwanja ni cha mume wake, Stephano Kinunda, mkulima wa kahawa mwenye umri wa karibu miaka sabini. Kahawa ilikuwa imempa misimu miwili mizuri, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na uwezo wa kujenga kitu ambacho si cha kulala yeye mwenyewe. Alichagua ukingo wa kona kwa sababu ni tambarare. Upande wa pili wa barabara ni kilima cha mawe. Kujenga huko ni kuchimba kwanza.

Tatizo ni kwamba uwazi wa Stesheni si mpana. Kushoto kwake kuna kilima, kulia kuna miti mikubwa. Ziwa linaonekana katikati, mahali penye upana kama wa mlango mkubwa wa kanisa. Nyumba ya Mzee Stephano ingekaa hapo hapo, sawasawa kama kizibo kwenye chupa.

*

Violet anakiri kwamba alianza vibaya. Alimkuta Mzee Stephano akihesabu matofali yake, na akamwamkia na kumweleza jambo lake palepale barabarani. Abiria wakashuka, wakasogea, wakaanza kuchangia.

"Mzee, utatuzibia!"

"Mzee, jenga kule!"

"Mzee, fikiria utalii!"

Mzee Stephano aliwatazama mmoja mmoja. "Hili ni basi au baraza la kata?" aliuliza. "Mnanisimamia kwenye kiwanja changu mnanipangia! Wewe, mama wa basi, ziwa ni mali yako?"

"Hapana, Baba. Si langu."

"Basi pakia watu wako."

Jioni yake, gari liliporudi, Lidia alimsubiri Violet barabarani amejishika kiuno.

"Umeharibu, mdogo wangu. Wewe si Mmatengo? Ardhi inasemwa mtu amesimama?"

Violet anasema maneno hayo yalimchoma kuliko ya mzee. Alikuwa anajua. Kwa Wamatengo, kwenye jambo la ardhi watu hukaa chini, hula kwanza, ndipo hulisema. Baba yake mwenyewe hakuwahi kuzungumzia hata mpaka wa mgomba akiwa wima. "Nilikaa mbali na nyumbani nikajifunza mengi," anasema, "hili nikalisahau."

Jumamosi aliyopumzika alishuka kwa lori la mahindi akiwa na furushi la usipa, dagaa wa ziwani. Alimkuta mzee kwenye kibaraza. Hakusema kuhusu nyumba. Alikaa kwenye kigoda, akala alichopewa, akazungumza habari za bei ya mbolea na ugonjwa wa mama yake. Ni mzee mwenyewe aliyechoka kusubiri.

"Sema ulilojia, binti."

"Nimekuja na swali, Baba. Uliwahi kufika hapa?"

"Hapa wapi?"

"Hapa kwako."

Mzee akamgeukia mke wake. "Huyu anaumwa? Nimezaliwa hapa, nitafikaje?"

Violet akamuuliza anarudije kutoka Mbinga. Kwa miguu, alisema, anatumia njia ya mkato nyuma ya kilima. Na kwa lori? Kwa lori anakaa nyuma juu ya magunia, mgongo mbele, kwa sababu ya vumbi na upepo. Kwa basi hapandi, la nini, wakati malori ya kahawa yanamfahamu.

"Kwa hiyo hujawahi kuiona kona hii ikija," Violet alisema. "Panda na mimi siku moja. Ukae mbele, kulia. Tukishafika, ukisema jenga, nitabeba matofali mwenyewe."

"Matofali?" mzee alisema. "Kwa mikono hiyo ya kukatia tiketi?"

Lakini hakukataa.

*

Alipanda siku ya soko, amevaa koti la kanisani. Rodrick anasimulia kuwa alikaa kama mtu aliyepelekwa polisi, mikono juu ya magoti, akikosoa kila kitu: gari linakwenda mbio, gari linakwenda polepole, redio inapiga kelele, kwa nini redio imezimwa.

Violet alisimama mbele mahali pake pa kila siku. Alisema maneno yale yale anayosema kila siku, hakuongeza wala kupunguza. Kuta za udongo zikaja, zikapita.

Ziwa likafunguka.

Na chini ya ziwa, katikati kabisa ya uwazi, pakaonekana uani kwa Mzee Stephano. Paa la jiko linalotoa moshi. Kichanja cha kahawa. Nguo mbili kwenye kamba. Na mwanamke mwenye kitenge cha njano ameinama juu ya kichanja, anachambua kahawa, maji yote ya Nyasa yamesimama nyuma yake kama ukuta wa nyumba yake. Alikuwa anaimba, mdomo ulionekana ukicheza, sauti haikufika. Hakujua kama anatazamwa.

"Ni nani yule?" aliuliza Mzee Stephano.

Rodrick alidhani ni utani.

"Ah," mzee akasema mwenyewe, taratibu. "Ni Lidia."

Gari liliposimama hakushuka haraka. Watu walipita pembeni yake, wakanunua chai, wakapiga picha, wakarudi. Aliposhuka alikwenda mpaka kwenye rundo la matofali, akaliegemea. Lidia alipanda na chupa ya chai akamkuta hapo.

"Vipi, umeugua?"

"Nilikuona."

"Uliniona wapi?"

"Pale. Ukiwa kwenye kichanja. Sikujua kama unaonekana hivyo."

"Miaka yote hii uko ndani ya nyumba na mimi, unaniona leo ukiwa kwenye basi!" Wanawake wa chai wakapasuka kwa vicheko, na Lidia akajifunika uso kwa kanga. Anakubali leo kwamba mle ndani ya kanga hakuwa anacheka tu.

Hata hivyo mzee hakutoa jibu. "Jumapili, baada ya misa," alimwambia Violet. "Uje sengu."

Sengu ni mlo wa ukoo. Wanaume wa nyumba zinazopakana katika mlima mmoja hula pamoja, na wakishanawa mikono ndipo mambo huletwa. Si kawaida mgeni kuitwa, tena mwanamke asiye wa ukoo. Violet anasema hakulala vizuri wiki ile. "Nikishindwa, kule barabarani napoteza mahali pa kusimama," anasema. "Lakini nilichoogopa zaidi ni kwamba ningepita pale kila siku ya Mungu naukuta ukuta, na bado ningetakiwa niwaamshe watu. Niwaambie watazame nini?"

*

Walikula ugali, maharage na usipa. Hakuna aliyesema neno kuhusu ukingo wa kona mpaka beseni la maji lilipozunguka. Kisha Mzee Stephano akaeleza, kwa kifupi, alichokiona.

Wa kwanza kupinga alikuwa mtoto wa kaka yake, Othmar, mwenye maneno makali na familia kubwa. "Baba mdogo, tuache kiwanja tambarare kwa sababu ya kutazama maji? Maji yametuzunguka. Hayajawahi kumlisha mtu kwa kutazamwa."

"Yamemlisha mkeo," akajibu mwanaume mwingine. "Anauza mihogo hapo kila siku. Nani atashuka kununua mihogo kwenye ukuta?"

Vicheko. Othmar hakucheka. "Sawa. Tumwambie ajenge wapi? Kilimani kuna mawe. Nani atachimba? Huyu dada wa basi?"

Macho yote yakamgeukia Violet. Mpaka hapo alikuwa hajapewa nafasi ya kusema, na hakuichukua bila kupewa. Mzee Stephano alimpa kwa kidevu.

"Nitachimba," alisema. "Mimi na wote tunaofika. Tuitieni ngokela."

Kikao kikachangamka. Ngokela ni kazi ya kusaidiana: mwenye shamba anaandaa pombe na chakula, majirani wanakuja na majembe, na yeye atawalipa kwa kwenda kulima kwao siku yao ikifika. Haijawahi kuitiwa watu wa magari.

"Na mimi nitawalipaje?" aliuliza mzee. "Hawa hawana mashamba, wana matairi."

Rodrick, aliyekuwa nje akisubiri, ndiye aliyejibu kupitia dirishani: "Utatuoshea magari, Mzee!"

Hapo hata Othmar alicheka. Mzee Stephano aliweka mkono juu ya goti na kutoa uamuzi wake. Nyumba itapanda kilimani, ng'ambo ya barabara. Ukingo utaachwa wazi. Lakini ikifika siku ya ngokela na watu wasitokee, matofali yatabaki pale yalipo na nyumba itaota hapo hapo.

*

Walitokea. Jumapili moja ya mwezi wa saba, magari manne yalipangwa ukingoni kama mabehewa. Walikuja makondakta wanaonyang'anyana abiria kila asubuhi, wauza chai na waume zao, mafundi wa gereji wa Mbamba Bay, na mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Lindi, ambaye anasema siku ya kwanza kuiona kona ile ndiyo siku aliyoacha kuandika barua ya kuomba uhamisho. Walikuja na sururu, majembe na beleshi. Violet alikuwa na sururu ya baba yake.

Udongo wa juu ulikuwa laini, ukawadanganya. Chini yake kulikuwa na mawe. Saa sita mchana makondakta wawili walikuwa wamekaa wakitazama malengelenge yao, na Othmar akapita katikati yao na nyundo kubwa begani.

"Tiketi!" alipiga kelele. "Asiye na tiketi asimame achimbe!"

Alichimba mpaka jioni, na hakuna aliyemkumbusha maneno yake ya sengu. Lidia alikuwa amepika pombe ya ulezi, na togwa kwa madereva. Jua lilipoelekea ziwani, kilima kilikuwa kimechongwa sehemu ya kutosha msingi wa vyumba vinne. Ndipo mzee alipopanda juu, akasimama kwenye sakafu ya udongo mbichi, akageuka.

Kutoka pale, juu ya paa za magari, ziwa linaonekana lote. Visiwa vidogo viko kushoto, na milima ya nchi ya ng'ambo iko mbali kama moshi.

"Kumbe huku ndiko kuzuri zaidi," alisema.

"Sisi hatukujua, Baba," Violet alimjibu, akipangusa jasho. "Tulikuwa tunapita tu."

*

Leo kuta za nyumba ya Mzee Stephano zimefika usawa wa madirisha. Mwanawe, Urban, ndiye fundi. Kila dirisha la mbele linatazama barabara, na ng'ambo ya barabara, uwazi. Rodrick na wenzake wanadaiwa na mzee siku ya kuja kupaua, na mzee anadaiwa kuosha magari; kila upande unadai uanze mwingine.

Kuna habari kwamba siku moja reli itajengwa mpaka ziwani. Violet amezisikia tangu akiwa mtoto, na hazimsumbui. Ikija, anasema, ataomba kazi, na kama hawatamchukua atakata tiketi na kukaa dirishani kama watu wengine. Kwa sasa ana mpango mwingine, na ameshamwambia Mzee Stephano asimpangishe mtu chumba cha mwisho cha kulia, kile chenye dirisha kubwa, mpaka atakapokilalia yeye.

Ni jambo alilolitambua siku ya ngokela, alipoona jua likizama pale kwa mara ya kwanza. Miaka yote aliyopita kona hii hajawahi kukaa zaidi ya muda wa breki kupoa. Na kwenye treni ilikuwa hivyo hivyo: stesheni zote zile za njiani, milima yote ile, hakuna hata mahali pamoja alipowahi kushuka akakaa.

"Nitamleta na mama yangu," anasema. "Tutafika mchana kama abiria. Gari litaondoka, sisi tutabaki. Usiku tutalala, asubuhi tutaamka, na hakuna atakayetuamsha."

Rodrick anapiga honi. Breki zimepoa. Yule mama anayekwenda kumwona mjukuu bado amesimama ukingoni, na Violet anamwacha kidogo.

"Nimefika sana," Violet anasema, akitazama matofali yaliyopandishwa kilimani. "Sasa nataka siku moja niwepo."